Nyumba Saba Zisizo na Jina la Mume: Kisa cha Prest dhidi ya Petrodel

Tarehe 12 Juni 2013, majaji 7 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walimpa mke nyumba 7 ambazo jina la mume wake halikuwamo kwenye hati hata moja. Nyumba 5 zilikuwa za kampuni iitwayo Petrodel Resources, na 2 za kampuni nyingine, Vermont Petroleum. Kampuni zote mbili zilisajiliwa Isle of Man, kisiwa kati ya Uingereza na Ireland chenye sheria na mahakama zake. Kesi hii, Prest dhidi ya Petrodel Resources, hufundishwa sana kwenye sheria ya kampuni, na wengi wanaoitaja huikumbuka kama kesi iliyopasua pazia la kampuni, yaani iliyopuuza utengano wa kisheria kati ya kampuni na mwenye hisa na kuihesabu mali yake kuwa ya mwenye hisa. Wamekosea. Mahakama ilikataa kulipasua pazia hilo. Mke alishinda kwa hoja ya kawaida kabisa, ya nani alitoa hela siku nyumba iliponunuliwa, na ndiyo hoja ninayotaka tuifuate hatua kwa hatua, kwa sababu inamgusa kila anayeachana na tajiri ambaye kwenye karatasi hana kitu.

Wanandoa hawa, Bwana na Bibi Prest, walioana mwaka 1993 na kujaliwa watoto 4. Mume alikuwa mfanyabiashara wa mafuta. Nyumba ya familia ilikuwa London, ingawa mwenyewe kwa sehemu kubwa ya ndoa alihesabika kuwa mkazi wa Monaco, na walikuwa na nyumba ya pili kwenye kisiwa cha Nevis, Karibi. Mke alifungua shauri la talaka Machi 2008. Kufikia hapo mali ilikuwa imetawanyika: kampuni Isle of Man, kampuni Nevis, kampuni Nigeria, nyumba London, na katikati ya yote hayo mtu mmoja aliyekuwa akiamua kila kitu.

Sheria ya Uingereza inamtaka kila upande utoe taarifa kamili na ya kweli kuhusu mali, madeni na kipato chake. Mume alipotakiwa kufanya hivyo alisema hana mali ya kugawa. Kwa hesabu zake, madeni yalizidi mali kwa takriban pauni milioni 48. Jaji Moylan wa Mahakama Kuu, baada ya kusikiliza ushahidi, alikadiria mwaka 2011 kwamba mume huyo ana mali halisi ya pauni milioni 37.5. Tofauti ya zaidi ya milioni 85 kati ya hesabu mbili za mtu yuleyule haitokani na mabishano ya wathamini.

Inatokana na kugoma. Mume alikaidi amri za kutoa nyaraka, akajibu maswali nusunusu, akabadilisha maelezo. Kampuni nazo zilipounganishwa kwenye shauri zilifuata mwenendo huohuo: zilitakiwa kueleza nyumba zilinunuliwaje na fedha ilitoka wapi, zikakaa kimya au zikatoa maelezo yasiyo na karatasi nyuma yake. Mkurugenzi wao aliyetoa hati ya kiapo hakufika mahakamani kuhojiwa, wala hakutoa sababu iliyokubalika. Naomba msomaji aushike ukimya huu, maana mwishoni ndio ulioamua kesi.

Suala la kipato lilikuwa gumu vilevile. Katika ndoa ya kawaida unachukua karatasi ya mshahara, unatoa kodi, unapata jibu. Kwa mtu anayemiliki kampuni, mshahara ni ile namba aliyoamua mwenyewe kujiandikia. Jaji aliangalia kitu tofauti: uwezo wa kuchota. Aligundua kwamba mume alikuwa akitumia fedha za Petrodel Resources kulipia matumizi yake na ya familia, hata gharama za mawakili wake, bila bodi ya kumzuia na bila kujali kama kisheria ana haki ya kuzichukua. Kipato chake halisi kilikuwa kile alichoweza kukitoa kwenye kampuni pale alipokihitaji. Nadhani hapa Jaji Moylan alifanya kazi nzuri kuliko anavyosifiwa. Alipima maisha ambayo familia iliishi, kisha akauliza yalilipiwa na nani.

Akatoa amri. Mke apewe nyumba ya ndoa bila deni la rehani juu yake. Alipwe kwa mkupuo pauni milioni 17.5, na kila mwaka fedha hizo zinapochelewa alipwe asilimia 2 yake kama matunzo. Kila mtoto apate pauni 24,000 kwa mwaka pamoja na ada ya shule. Kiwango hicho hakimshangazi anayeifahamu hukumu ya White dhidi ya White ya mwaka 2000, ambapo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilisema kwamba hakuna sababu ya kumpendelea aliyeleta fedha dhidi ya aliyelea nyumba na watoto, na kwamba jaji apime mgao wake kwa kipimo cha nusu kwa nusu kabla ya kuuthibitisha.

Lakini kumwandikia mtu milioni 17.5 ni jambo moja, kuzipata ni jambo jingine. Mume hakuwa na dalili ya kulipa kwa hiari, na mali nyingi zilikuwa nje ya mkono wa mahakama. Zilizokuwa karibu ni zile nyumba 7. Jaji akaamuru zihamishiwe kwa mke kama sehemu ya malipo. Kampuni zikakata rufaa.

Hapa kuna jambo ambalo hata mawakili hulichanganya. Sheria ya Masuala ya Ndoa ya mwaka 1973 ina vifungu viwili vinavyofanya kazi tofauti. Kifungu cha 25 kinamtaka jaji, anapopanga mgao, aangalie mali na rasilimali zote za kila upande. Neno rasilimali ni pana. Fedha za kampuni ambayo mume anaiendesha peke yake na kuchota atakavyo ni rasilimali yake, hata kama si mali yake kisheria, kwa hiyo zinaingia kwenye hesabu ya kiasi gani mke apate. Kifungu cha 24 kinahusu kukabidhi. Kinampa jaji uwezo wa kuamuru upande mmoja uhamishe mali ambayo una haki nayo. Neno hapo ni haki, na haki ni jambo la sheria ya mali, halipanuki kwa sababu jaji anamhurumia mke. Kwa maneno mengine, kampuni inaweza kuongeza tarakimu kwenye hukumu bila nyumba ya kampuni kuwa ya mume wa kuitoa.

Kwa miaka mingi majaji wa familia Uingereza waliuruka mpaka huu. Wakiona mume anamiliki hisa zote na hakuna mtu mwingine atakayeumia, walizitendea mali za kampuni kana kwamba ni zake. Jaji Moylan alifuata njia hiyo. Hakusema kwamba kampuni zilitumika kwa hila dhidi ya mke. Alisema mume anazitawala kabisa, na kwa macho ya kifungu cha 24 hilo linatosha.

Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ilikataa, majaji wawili kwa mmoja. Msingi wao ni wa zamani sana. Tangu kesi ya Salomon ya mwaka 1897, kampuni iliyosajiliwa ni mtu tofauti na mwenye hisa, hata kama mwenye hisa ni mmoja tu. Jaji Patten aliandika kwamba mahakama za familia zimejitengenezea karibu mfumo wao wa sheria usiojali sheria ya mali wala ya kampuni, na kwamba jambo hilo lazima sasa likome. Jaji Thorpe, aliyezitumikia kesi za familia miaka mingi, alipinga: kwake, mwenendo huo ndio uliowazuia matajiri wasiokuwa waaminifu kujificha.

Nimeisoma hoja ya wale wawili mara nyingi nikitafuta pa kuipinga, na sijapaona. Kampuni ina wadai, wakati mwingine ina wafanyakazi na benki zilizoikopesha zikijua mali hii ni ya kampuni. Ukisema leo ni ya mume kwa sababu mke ameomba, kesho mdai mwingine ataomba hivyohivyo. Ila kwa mke huyu hukumu ile ilikuwa pigo. Alikuwa na karatasi ya milioni 17.5 mkononi, na mume aliyeonyesha kwa miaka mitatu mahakamani kwamba karatasi hazimtishi.

Mahakama ya Juu ilipoipokea kesi, Lord Sumption ndiye aliyeandika hukumu kuu. Alianza kwa kulitazama lile pazia. Akasema watu wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni kuficha: mtu anaiweka kampuni mbele ili asijulikane ni nani hasa mwenye kitu. Hapo mahakama haihitaji kupasua chochote, inatazama tu nyuma ya pazia kuona kilichopo. La pili ni kukwepa: mtu ana wajibu ambao tayari unamkaba, kisha anaiingiza kampuni makusudi ili wajibu huo usitekelezeke. Huko ndiko kwenye kupasua, tena pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kisheria.

Mfano wa kukwepa unaonekana vizuri kwenye kesi ya Jones dhidi ya Lipman ya mwaka 1962. Mtu aliuza nyumba kwa mkataba, akajutia, akaihamishia kwenye kampuni anayoidhibiti ili mnunuzi asiipate. Mahakama iliwaamuru wote wawili, yeye na kampuni yake, waikabidhi nyumba. Wajibu ulikuwepo kwanza, kampuni ikafuata.

Kwa Petrodel mambo hayakuwa hivyo. Nyumba ziliwekwa kwenye kampuni miaka mingi kabla ndoa haijavunjika. Jaji Moylan mwenyewe alikuwa ameona kwamba lengo lilikuwa kulinda utajiri na kupunguza kodi. Mume hakuwa anamkwepa mke wakati huo, kwa sababu hakukuwa na dai la mke la kukwepa. Basi mlango wa pazia ukafungwa. (Baadhi ya majaji wenzake Lord Sumption, akiwemo Lady Hale, hawakuwa na hakika kama kila kesi itaingia kwenye visanduku hivyo viwili, lakini kwenye matokeo hakuna aliyepinga.)

Ndipo mahakama ikarudi kwenye swali ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuulizwa kwa ukali zaidi tangu siku ya kwanza. Ni kweli kampuni ndiyo iliyoandikwa kwenye hati. Lakini je, inazishika nyumba hizi kwa faida yake yenyewe, au inamshikia mtu?

Sheria ya Uingereza ina dhana ya siku nyingi: ukitoa fedha ya kununua mali na jina likaandikwa la mwingine, inadhaniwa kwamba hukumpa zawadi. Yule mwenye jina anakushikia amana. Mali ni yako, jina ni lake. Dhana hii inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, kwa mfano ukionyesha kwamba ulikuwa mkopo au zawadi au mtaji wa kampuni. Lakini usipoleta ushahidi, dhana inasimama. Na mali inayoshikwa kwa amana ya mume ni mali ambayo mume ana haki nayo, kwa hiyo kifungu cha 24 kinaifikia bila kuigusa Salomon hata kidogo.

Sasa tazama karatasi zilisema nini. Petrodel Resources iliandikishwa mwaka 1993 lakini haikuanza biashara hadi 1996. Zipo nyumba zilizoingia kwenye jina lake kabla ya hapo. Kampuni ambayo bado haijauza hata pipa moja la mafuta haina faida ya kununulia nyumba London, kwa hiyo fedha ilitoka kwingine, na hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa mume. Zipo pia nyumba zilizohamishiwa kampuni kwa bei ya pauni 1.

Hapo kwenye pauni 1 nataka tusimame kidogo. Hati ya kuhamisha nyumba ina mstari wa bei. Unaona jina la anayetoa, jina la anayepokea, anwani, kisha kwenye mstari wa bei, badala ya mamia ya maelfu, imeandikwa pauni moja. Mshauri wa kodi anauona mstari huo na kuona mpango wa kawaida. Aliyeuandika huenda hakuufikiria mara mbili. Lakini miaka kumi na kitu baadaye, mstari huo ukisomwa na mtu anayetafuta, unamwambia kwamba kampuni haikununua chochote. Jina limehama, thamani haijahama. Na kama mtoaji hakukusudia kutoa zawadi, basi thamani imebaki pale ilipokuwa.

Kampuni zingeweza kuivunja dhana hiyo. Zilikuwa na vitabu vya hesabu, mihutasari ya vikao, taarifa za benki. Kama kweli nyumba zilikuwa mtaji wa kampuni, karatasi moja ingeonyesha. Hazikuleta. Lord Sumption alisema mahakama haiwezi kubuni tu mali kwa sababu mtu amenyamaza. Lazima kuwe na msingi fulani kwenye ushahidi au kwenye uwezekano wa kawaida wa mambo. Lakini msingi huo ukiwepo, ukimya wa mtu mwenye majibu mkononi unaruhusu mahakama kuhitimisha kwamba majibu yangemuumiza. Akaongeza kwamba kwenye kesi za mgao wa mali ya ndoa jaji ana wajibu wa kuchunguza, hakai tu kama mwamuzi wa mchezo, na anaruhusiwa kutumia uzoefu wake kukisia ni nini mume asiyesema anakificha. Hivyo ukimya uleule uliokusudiwa kuzilinda nyumba ndio uliozitoa. Zote 7, zikiwemo zile 2 za Vermont, zikahesabiwa kuwa amana ya mume, na amri ya kuzikabidhi kwa mke ikarudishwa.

Kuna kauli moja kwenye hukumu hiyo ambayo kila wakili wa ndoa angeitafuta. Kwa nyumba ambayo wanandoa waliishi, Lord Sumption anasema mara nyingi itakuwa rahisi kuona kwamba kampuni inamshikia mume tu, kwa sababu si rahisi kueleza ni biashara gani ya kampuni inayofanywa na familia inayolala humo. Nyumba ya ndoa ya wanandoa hawa nayo ilinunuliwa mwaka 2001 kwa jina la Petrodel Resources, na kufikia Mahakama ya Juu hakukuwa tena na ubishi kwamba ilikuwa ya mume.

Wapo wanaosema hukumu hii iliwapa wake ushindi mkubwa. Mimi naiona finyu kuliko hivyo, na ni vizuri anayejiandaa kwa shauri kama hili ajue ufinyu wake. Kama Petrodel ingekuwa imenunua nyumba zile mwaka 2005 kwa faida yake halali ya mafuta, kukiwa na kumbukumbu za bodi na hesabu zilizokaguliwa, mke asingepata hata mlango. Angebaki na namba kwenye hukumu, na labda amri ya kukabidhiwa hisa za mume kwenye kampuni. Hisa ni njia nzuri pale kampuni ilipo karibu na mahakama: unakuwa mwenye kampuni, unabadilisha wakurugenzi, unajigawia unachostahili baada ya wadai. Kampuni ikiwa kisiwani na mume akiwa ndiye anayejua hisa ziko kwa nani, amri ya hisa inategemea mahakama za huko.

Kwa hiyo kazi ya kweli katika kisa cha namna hii hufanywa mapema, na watu wasiotajwa kwenye hukumu. Ni yule anayekaa na msajili wa ardhi na msajili wa kampuni, anapanga tarehe mbili kando kwa kando: lini kampuni ilianza biashara, lini nyumba iliandikwa. Anatafuta nani alisaini rehani na nani alitoa dhamana binafsi. Anauliza kama kodi ya pango ililipwa na aliyeishi humo, na iliingia akaunti gani. Anaangalia kama mkopo ambao kampuni inadai ilipewa na mume uliwahi kuandikwa kwenye hesabu za mwaka ule, au umeibuka baada ya talaka. Haya yanachosha na yana gharama, na mke ambaye hajawahi kuoneshwa karatasi yoyote ya familia anaanza nyuma sana. Ndiyo maana huwa nawasihi wanaoishi na mali zilizowekwa kwenye kampuni waombe kuziona karatasi hizo wakati ndoa bado ina amani. Anayekuomba hivyo hajakushuku.

Kisa hakikuishia na nyumba. Thamani yake ilipunguza deni la mume bila kulimaliza, na ile asilimia 2 iliendelea kuhesabika. Mwaka 2014 Jaji Moylan aliona kwamba mume alikuwa na uwezo wa kulipa malimbikizo ya pauni 360,000 na hakulipa, akamhukumu kifungo cha wiki 4, kilichoahirishwa ili apewe nafasi ya kulipa. Mume alikata rufaa akidai hajathibitishwa kuwa na fedha. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilimkatalia. Miaka 7 ilikuwa imepita tangu mke afungue shauri.